Mpe Mzee Kiti, Kamera Isubiri

Mtu akifariki siku hizi, tukishapeana taarifa na kukubaliana saa ya mazishi, kazi inayofuata ni kutafuta picha. Kwa wenzetu Wakristo itatangulia mbele ya jeneza na kuchapishwa kwenye fulana za wajukuu. Kwetu Waislamu itazunguka kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na dua. Basi wajukuu wanatoa simu. Kila mmoja ana maelfu ya picha, wanapandisha na kushusha, na babu haonekani. Wanampata mwisho kabisa, pembeni mwa picha ya harusi, nusu ya uso imezibwa na bega la shangazi, mkononi ana chupa ya soda. Au wanachukua ile ya kitambulisho, aliyoambiwa avue kofia atazame mbele, na kabla hajajiweka sawa akaambiwa apishe mwingine. Kijana wa stationari anamkata, anafuta bega, anamwekea mawingu ya buluu nyuma, anaikuza picha mpaka uso unavunjika vipande. Mtu ameishi miaka themanini, amelea, amejenga, amezika wenzake, na hiyo ndiyo sura anayoachiwa.

Mimi ni mpiga picha. Nakula kwa harusi, mahafali na picha za pasipoti hapa Tanga mjini, na hizo nazipiga kwa kamera ya kidijitali kama wenzangu wote. Siku ambazo hakuna kazi ya fedha napiga picha za wazee kwa kamera ya mbao yenye mvukuto, inayotumia filamu ya shiti, shiti moja kwa picha moja. Ninachotaka kuwaambia wasomaji wa gazeti hili ni kwamba kila aliyefikia umri wa kuitwa babu au bibi akalishwe, walau mara moja, mbele ya kamera ya namna hii, kwa saa nzima ikibidi, na negativu yake iandikwe jina na itunzwe. Najua wengine watasema ni mapenzi ya vitu vya kale. Ningekuwa natafuta vitu vya kale ningeiweka kamera kwenye kabati la vioo sebuleni na kuifuta vumbi kila Ijumaa.

Chombo chenyewe ni rahisi kukielewa kuliko simu. Mbele kuna lenzi, nyuma kuna kioo chenye ukungu, katikati kuna mvukuto unaozuia mwanga wa pembeni. Lenzi inatupa taswira kwenye kioo, juu ikiwa chini na kulia ikiwa kushoto. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi kizito ili aweze kuiona. Akishaweka sawa, anafunga shata, anachomeka holda yenye shiti mbili za filamu, moja kila upande, anachomoa kifuniko, anapiga, anarudisha kifuniko. Amepata picha moja. Akitaka ya pili ageuze holda na kuanza upya. Shiti zangu ni za inchi 4 kwa 5, na eneo la shiti moja ni zaidi ya mara 13 ya fremu moja ya ule mkanda wa milimita 35 tuliokuwa tukinunua dukani wa picha 36. Ndiyo maana ukiiweka negativu yake juu ya taa unaweza kufuata uzi wa kofia ya viua kutoka tundu moja hadi jingine, na kwenye mboni ya jicho ukaona mlango wa nyumba na mtu aliyesimama mlangoni.

Wapo waliotumia kubwa zaidi. Mmarekani Richard Avedon, kati ya mwaka 1979 na 1984, alizunguka magharibi ya nchi yake na kamera ya inchi 8 kwa 10. Aliweka karatasi nyeupe kwenye kivuli cha jengo na kuwasimamisha mbele yake wachimba makaa ya mawe, wahudumu wa migahawa, wafungwa na watu waliokuwa njiani tu. Aliwapiga watu 752, na filamu iliyotumika ilikaribia shiti 17,000. Sikubaliani na Avedon katika mengi. Naona alijua mapema sura anayoitaka, na wengi katika kitabu cha picha hizo wanaonekana kuchoshwa na dunia kuliko walivyochoshwa kweli. Lakini kuna jambo lake moja nimelichukua na sitaliacha. Wakati wa kupiga alisimama kando ya lenzi. Kamera hizi hazikuruhusu kuchungulia unapopiga, kwa sababu filamu imeshaziba kioo. Unatoka chini ya kitambaa, unasimama wima na waya wa shata mkononi, na mnaangaliana. Yule mzee hakitazami tena chombo. Anamtazama mtu aliyekuja nyumbani kwake, na mtu huyo hana pa kujificha.

Nitoe mfano wa mzee mmoja wa Muheza. Jina lake liko nyuma ya picha yake, hapa halihitajiki. Alifanya kazi ya mkonge tangu ujana, kwanza kukata shambani, baadaye korona, kwenye mashine inayochuna majani na kubakiza nyuzi. Nilimpigia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Nivae nini, mwanangu?" Nikamjibu kwamba nguo ni uamuzi wake. Akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Nilipata nafasi ya kusimika miguu ya kamera, aliyonitengenezea seremala wa Ngamiani kwa mbao za mninga, na kukagua mvukuto kwa tochi usije ukawa na tundu jipya. Mzee alitoka amevaa koti la suti juu ya shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mkononi alikuwa na kisu cha kukatia mkonge.

Nakiri moyo ulinienda mbio nilipokiona kile kisu. Kila mpiga picha anaijua picha hiyo: mzee, koti, kisu, mikono iliyokomaa. Ingependwa mjini na ingependwa zaidi ng'ambo. Kama ningekuwa na simu mkononi ningeshaipiga kabla hajafika kitini. Lakini kamera ilikuwa haijawa tayari. Nilikuwa chini ya kitambaa nikitafuta macho yake kwenye kioo, na yeye amekaa, akikigeuzageuza kisu mapajani. Baada ya kitambo akamwita mjukuu wake. "Kirudishe ndani hiki. Nimekishika miaka mingi, leo nipumzike." Akaweka viganja juu ya magoti, vitupu.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Zile dakika zilizochukuliwa na mvukuto, kioo na kipima mwanga zilikuwa zake. Alizitumia kufikiri anataka kuonekana vipi, akabadilisha uamuzi mbele yangu, na mimi sikuwa na uwezo wa kumwahi. Kamera ya haraka humpa mpiga picha nafasi ya kumwibia mtu sura aliyoikusudia yeye mpiga picha. Kamera hii inamchelewesha mwizi, na mwenye uso anapata kujipanga.

Mjukuu, mtoto wa darasa la nne hivi, aliomba kuchungulia. Nilimfunika kitambaa, akapiga kelele, "Babu yuko kichwa chini!" Nyumba nzima ikaja kutazama, hata jirani aliyekuwa akipepeta mchele. Mwishowe mzee mwenyewe akataka kuona. Nikamkalisha mtoto kitini, babu akainama chini ya kitambaa na kukaa humo akitazama. Alipotoka alijua mashine inaona nini, wapi inakatia, na kwamba bega la kushoto linaonekana zaidi kuliko la kulia. Alirudi kitini akanyoosha kola bila kuambiwa. Ni nadra sana mtu wa umri wake kupewa nafasi ya kukaa upande wa mpiga picha. Mimi nawapa wote, na wanaochungulia wanakaa vizuri kuliko wasiochungulia.

Baraza yake ilikuwa na kivuli kizuri, mwanga ukiingia kutoka upande mmoja tu. Kipima mwanga kilinipa tundu la lenzi namba 8 kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde. Lakini ukimsogelea mtu ili kichwa na mabega vijaze fremu, lenzi inabidi isogee mbele. Lenzi yangu ni ya milimita 210, na siku ile mvukuto ulifika milimita 300, maana yake mwanga unaoifikia filamu ulipungua kwa nusu. Nikaenda sehemu moja ya 15. Ni muda unaotosha mtu kuyumba kidogo, na kwa tundu la namna hiyo kina cha ukali ni kidogo mno: jicho likiwa kali, sikio linaanza kulegea. Kwa hiyo nilimwomba aegemeze mgongo ukutani na atulie kama anayesikiliza taarifa ya habari. Sikuhesabu moja, mbili, tatu. Hesabu huwafanya watu wakaze uso. Sikumwambia acheke pia. Tabasamu haliwezi kusubiri holda ichomekwe na kifuniko kichomolewe. Linachoka, linaondoka, na uso unarudi mahali unapokaa siku zote. Wengi wanaotazama picha za studio za zamani huuliza kwa nini watu wale hawakucheka. Nionavyo mimi walikuwa katika shughuli nzito, na walijua picha ile ingewawakilisha ukutani kwa miaka mingi.

Jambo la mwanga na ngozi lazima niliseme, kwa sababu linatuhusu sisi kuliko wengine. Kipima mwanga kimeundwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye kanzu nyeupe kitakuambia upunguze, na uso mweusi utazama gizani. Ukikielekeza kwenye uso wenyewe kitakuambia uongeze, na uso utapauka mpaka mwenyewe asijitambue. Mimi hupima shavu lililo upande wa kivuli, kisha napunguza hatua moja, nikijua ninataka weusi uwe weusi na bado uwe na ngozi ndani yake, na mikunjo, na jasho, na kovu la utotoni. Uamuzi huo naufanya mwenyewe kwa kila uso. Katika picha za rangi haikuwa hivyo. Kwa miongo kadhaa maabara zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya majaribio yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliiita kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Sisi tuliopeleka mikanda ya harusi kusafishwa tunakumbuka bwana harusi akitoka kivuli tu, pembeni mwa shela jeupe. Wengi tulidhani kosa ni la mpiga picha, au la weusi wetu. Shiti ya filamu nyeusi na nyeupe, ikipimwa na mtu anayeujua uso ulio mbele yake, haimtendei mtu hivyo.

Chumbani kwangu kazi inaanza usiku. Filamu ya shiti inapakiwa na kupakuliwa gizani kabisa, hata taa nyekundu hairuhusiwi, kwa vidole tu. Ukingoni ina mapengo madogo yaliyokatwa kiwandani. Ukiishika wima na mapengo yakawa kona ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama. Filamu ninayotumia zaidi ni HP5 Plus ya Ilford, inayotengenezwa Mobberley nchini Uingereza, nayo ikisafishwa kwa dawa ya D-76 isiyochanganywa na maji inataka dakika 7 na nusu katika nyuzi joto 20. Nyuzi 20 Tanga! Mwezi wa Februari maji ya bomba yangu yanakaribia 30, na dawa ikiwa moto filamu inaiva kabla hujatikisa mara tatu, na utando wake unalainika kiasi cha kuchubuka kwa kucha. Hivyo nanunua barafu za mfuko kwa mama jirani, nazipanga kwenye beseni, nasimamisha chupa za dawa humo na kipimajoto. Unyevu wa pwani nao hupenda lenzi. Ukungu huota ndani ya vioo kama huangalii. Lenzi yangu inalala kwenye kopo lenye mchele uliokaangwa ukakauka, na mchele nabadilisha kila mara.

Watu huniuliza kama filamu bado zipo. Zipo. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni Januari 2012, na wengi wakadhani mambo yamekwisha, lakini filamu bado inatoka Rochester, bado inatoka Mobberley, bado inatoka kwa Foma huko Hradec Králové katika Jamhuri ya Cheki. Tatizo letu ni bei na usafiri. Shiti ni ghali, sina haja ya kulificha hilo, na ukiongeza dawa na karatasi ya kuchapishia gharama inapanda tena. Lakini hebu tulinganishe na yanayolipwa kwenye shughuli. Familia hukodi droni ya kurusha juu ya ukumbi kwa nusu saa. Familia hiyohiyo ikimpigia bibi picha mbili za shiti, moja iharibike na moja itoke, itatumia sehemu ndogo ya fedha ile, na picha ya bibi itatazamwa na watu ambao bado hawajazaliwa.

"Simu inatosha," ananiambia mwanangu mwenyewe, na simu yake kweli inapiga picha nzuri. Sina ugomvi na simu. Ninachosema ni kwamba hakuna anayemkalisha mzee saa nzima kwa ajili ya simu, na ukijaribu, dakika ya pili ujumbe unaingia. Kisha simu inaibwa sokoni, au inaanguka majini, au nafasi inajaa na mtu anaanza kufuta. Negativu iliyooshwa vizuri na kuwekwa kwenye bahasha pakavu haihitaji umeme wala nywila. Mtu yeyote akiinua dirishani anamwona babu.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo nalisikia kwa vijana waliosoma historia: kamera hizi ndizo zilizotupiga sisi kama vielelezo. Ni kweli. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, studio za pwani kama A. C. Gomes ya Zanzibar na Coutinho Brothers ziliuza kwa wasafiri picha na kadi za posta za wapagazi, wachuuzi na wasichana waliosukwa nywele, na chini yake yaliandikwa maneno ya kabila au kazi, bila jina la mtu. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi nchi hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na wakati wa vita. Nyingi ziko leo katika hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Evanston, jimbo la Illinois, kina mkusanyo wa Winterton wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya miaka ya 1860 na 1960. Nimetazama nyingi za mkusanyo huo kwenye intaneti. Sura zetu zimo, zimepigwa kwa ufundi wa hali ya juu, na mara nyingi anayejulikana kwa jina ni mzungu aliyekaa katikati.

Kwa hiyo sitasema kamera ya polepole ina heshima ndani yake. Haina. Mpagazi yule naye alisimamishwa dakika nyingi juani, na huenda alishikishwa mkuki asiokuwa wake. Lakini studio hizohizo, kwa kamera hizohizo, ziliwapiga pia watu wa mjini waliokuja kwa miguu yao, wamevaa joho na vito walivyovichagua, wakalipa, wakarudi na picha nyumbani. Tofauti ya picha hizi mbili ilikuwa nje ya chombo. Nani amechagua nguo? Nani amebaki na picha? Jina limeandikwa wapi? Nikirudi kwa mzee wangu wa Muheza na kisu chake, hayo ndiyo maswali aliyoyajibu mwenyewe. Mfanyakazi wa mashambani enzi zake alikuwa na namba kwenye daftari la bwana shamba, na akipigwa picha alipigwa akiwa na mzigo wa mkonge kichwani. Ile picha ya kisu ingemrudisha kulekule. Aliliona hilo kabla yangu.

Aliyenifundisha kwamba kamera hii inaweza kuwa yetu ni Seydou Keïta wa Bamako. Alifungua studio mwaka 1948, uani kwake, kwa mwanga wa jua, na kamera ya shiti za sentimita 13 kwa 18. Nyuma ya watu alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida alipiga mara moja tu. Watu walikuja na nguo zao bora, wakaegemea Vespa, wakashika redio, wakaonyesha saa ya mkononi, na Keïta akawageuza mabega mpaka wakakaa vizuri. Ukitazama picha zile husikii harufu ya kielelezo hata chembe. Na sasa tazama yaliyompata. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilitundikwa New York kwenye maonyesho ya sanaa ya Afrika, na zikaandikwa kwamba mpigaji hajulikani. Alikuwa hai, Bamako, na negativu zake kwa maelfu zilikuwa zimetunzwa. Ilipofika mwaka 1994 alikuwa na maonyesho yake Paris, kwa jina lake. Kilichomrudishia jina ni zile negativu. Kama zingekuwa zimetupwa baada ya studio kufungwa, tungebaki na picha za watu wa Mali zilizopigwa na asiyejulikana.

Huku kwetu nani ametunza? Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 iliendelezwa na mwanawe, na watu wanaingia pale Mji Mkongwe kununua nakala za picha za baba yake. Picha za N. V. Parekh wa Mombasa na za Omar Said Bakor wa Lamu zimeandikiwa na kuonyeshwa mbali na pwani hii. Hao ni wachache waliobahatika. Kila mji mdogo ulikuwa na studio yake, Korogwe, Muheza, Pangani, Lushoto, na nyingi zimefungwa. Yule mzee, nilipompelekea picha yake, aliitazama, akaigeuza kuona jina, kisha akauliza swali ambalo hakuna kijana amewahi kuniuliza: "Na negativu utaiweka wapi?" Akanieleza kwamba picha ya ndoa yake ilipigwa studio, nakala ikaliwa na mchwa, na alipokwenda kuomba nyingine alikuta duka la vipuri vya pikipiki. Hakuna aliyejua maboksi yalikwenda wapi.

Ninayo mapendekezo, na nayatoa kwa watu wa mkoa wangu kwanza. Boma la zamani la Wajerumani hapa Tanga lina makumbusho ya Urithi, na tayari humo kuna picha za kale ukutani. Makumbusho yatenge chumba kimoja kwa ajili ya negativu za studio za mkoa huu, kikavu, chenye makabati ya chuma. Kinachohitajika ni bahasha za karatasi isiyo na tindikali, penseli, daftari na meza ya taa. Shule zipeleke wanafunzi wakazinakili kwa simu zao. Hapo simu ni chombo bora kabisa, inageuza negativu kuwa picha kwa kugusa mara moja. Mwenye studio au mrithi wake abaki mwenye haki, na anayetaka nakala ya mamaye aipate kwa bei ya karatasi.

Vyuo vinavyofundisha uandishi wa habari navyo viwape wanafunzi, kabla ya kuhitimu, shiti mbili na mzee mmoja. Kamera moja inatosha darasa zima, na fundi seremala mzuri anaweza kuitengeneza akipewa lenzi ya zamani na kitambaa cha mvukuto. Mwanafunzi akae na yule mzee, amuulize anataka kuonekana vipi, aandike jina lake lote, la baba na la babu. Atakaporudi kwenye kamera ya haraka, nina hakika atamsubiri mtu.

Mwenye maboksi ya negativu darini asiyachome na asiwape watoto wachezee. Yafutwe vumbi kwa brashi laini, yasioshwe, yasikae kwenye plastiki inayotoa jasho, yawekwe mbali na bati. Na kazi ya kuandika majina ianze sasa hivi, kwa kuwa wanaoweza kututajia nani ni nani kwenye picha za miaka ya 1950 na 1960 ni wazee walewale tunaowatafutia picha. Siku ya kumpiga mzee mmoja ndiyo siku ya kumwonyesha negativu za mtaa wake. Meza ya taa ninayo, na Jumamosi zangu nazitoa.